Pikipiki Isiyotaka Kuisha

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na Baba ameingia nayo.

Kaka ndiye aliyemleta. Alisimamisha gari nje ya geti, akapiga honi mfululizo kana kwamba analeta bibi harusi, kisha akamshusha mzee mmoja aliyevaa koti lenye kola inayong'aa kwa mafuta ya shingo. Nilidhani ni mteja. Sijamwona Baba tangu nikiwa darasa la nne, na yule niliyemkumbuka alikuwa mrefu, mwenye mabega, ananukia sabuni. Huyu ananuka soksi. Shikamoo yangu ilitoka kama kikohozi.

"Marahaba, binti yangu," akasema, kisha akatema kwenye maua ya Mama.

Kaka alieleza huku akitazama simu yake. Yule mwanamke ambaye Baba alihamia kwake miaka yote hii amefariki, na watoto wake wamefunga nyumba. "Hana pa kwenda. Na mimi kwangu unajua, nafasi yenyewe hakuna." Kwake kuna vyumba vya kulaza timu ya mpira pamoja na mwamuzi.

Mama alikuwa barazani kwenye kiti chake, miguu juu ya stuli kwa sababu ya uvimbe. Hakuitikia salamu. Alimwuliza Kaka, siyo Baba: "Anakaa mpaka lini?"

Baba alijibu mwenyewe. Alifungua begi akatoa boksi la viatu, na ndani ya boksi, juu ya pamba, kulikuwa na fremu ya pikipiki ndogo, ndefu kama kiatu chenyewe, na tangi la mafuta la kuenea kiganjani. Alivichonga zamani, kabla mikono haijaanza kumtetemeka.

"Nataka kuimalizia tu," akasema. "Nasikia binti yangu ana mashine ya kukereza chuma. Anichongee vilivyobaki. Ikiisha naondoka."

Mama alilitazama lile boksi. Kisha akanigeukia. "Basi mtengenezee, iishe."

Pikipiki yenyewe naijua. Ni mfano wa ile aliyoondoka nayo alipotuacha.

Jumatano, 6 Machi

Anatema kwenye ndoo ya kudekia. Nimemwekea kopo lenye mfuniko. Anatema kando ya kopo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeanza na vitovu vya magurudumu, vile viduara vya katikati vinavyoshika spoku. Ni vya shaba ya njano, kila kimoja kidogo kuliko kifungo cha shati. Karakana yangu hapa nyuma ya nyumba imezoea shafti za pampu na bushi za mashine za kusaga. Mjomba, kaka yake Mama, ndiye aliyenifundisha kazi na kuniachia mashine. Chuma ninachokishika huwa na uzito. Hivi vya Baba vinataka kuruka kutoka kwenye taya za mashine kama bisi kwenye sufuria.

Baba aliketi nyuma yangu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akipumua kwa mdomo. Kila nikiinama kutazama kisu kinavyokata, pumzi yake inanifikia sikioni, ya vuguvugu, yenye harufu ya jino bovu. Nilipomaliza viwili nikavifuta, nikampa. Akachukua kipimio changu bila kuomba.

"Hiki kimezidi unywele. Rudia."

Nilipima mwenyewe. Kimezidi unywele kweli. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumatano, 13 Machi

Mtaro wa nyuma umefurika, na maji ya mashine yameoza. Nasema yale maji yenye mafuta, meupe kama maziwa, yanayomwagika juu ya kisu ili kisiungue. Yanakaa kwenye tangi chini ya mashine, na fukuto hili la mvua limeyachachusha. Yamekuwa ya kijivu, yana ngozi juu kama uji uliolala, na yananuka mayai viza. Kuyamwaga siwezi, mtaro ukiwa umejaa hivi yataishia mlangoni kwa Mama. Nimefunika tangi kwa kipande cha bati. Kwa shaba ya Baba siyahitaji, natonesha tu mafuta kwa kikopo.

Kwa hiyo sasa karakana ina harufu mbili, na moja inaketi kwenye ndoo.

Jumapili, 17 Machi

Kaka na Wifi wamekuja na keki. Wifi alimfunga Baba tai, akamkalisha kwenye kiti kizuri, Kaka akapiga magoti pembeni yake, wakapiga picha. Halafu Wifi akainusa mikono yake, akaenda kunawa mpaka kwenye viwiko. Hawakukaa hata chai ikachemka.

Jioni picha ilikuwa mtandaoni: "Mzazi hana mbadala. Tumtunze angali hai." Watu wamemwombea Kaka baraka mpaka nikachoka kusoma. Rafiki yangu mmoja aliniandikia kuniuliza kama nimewahi hata kumpikia chai baba yangu. Nilikuwa nimeshika taulo lake wakati huo, nalipeleka kulichemsha.

Alhamisi, 21 Machi

Mapezi ya silinda, vile vibati vyembamba vinavyoizunguka injini ili ipoe. Nilikata mpaka macho yakatoa machozi. Akapitisha ukucha wake mrefu wenye taka juu yake, kama anayepapasa meno ya kitana.

"Hayalingani. Rudia."

Nikarudia.

"Rudia."

Jumamosi, 23 Machi

Amekubali silinda. Anasema sasa inaweza kupita. Baba haji tena kukaa karakana, ati uvundo wa tangi unamkaba kifua. Aliyeleta uvundo wa kwake bila aibu analalamikia wa mashine. Tumekubaliana hivi: nikimaliza kitu nakipeleka barazani, anakipima, kikipita anakitia kwenye boksi lake. Boksi analala nalo.

Alhamisi, 28 Machi

Nilirudi kutoka dukani nikamkuta Mama ameketi uani kwenye kigoda, miguu yake imevimba kama mikate, anafua fulana za Baba. Maji kwenye beseni yalikuwa na rangi ya chai. Niliona kinyaa mpaka kooni, na sitaficha, kilikuwa ni kinyaa kwa Mama. Mwanamume aliyekuacha na watoto wawili na kodi ya nyumba, unamsugulia makwapa.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafua."

"Nafasi ya kumfulia unaitoa wapi moyoni?"

Aliikamua fulana moja, akaikung'uta. "Hakuna moyo hapa. Zinanuka ndani ya nyumba yangu. Angekuwa mbwa ningemwosha pia." Akaniinulia uso. "Wewe hujamaliza tu?"

Hajasema na Baba neno tangu aje. Akitaka apishe njia, anamwambia paka.

Ijumaa, 5 Aprili

Kabureta imepotea. Kabureta ile ilinila siku tatu, ina tundu katikati la kupitisha sindano nyembamba, na nilimpa mkononi mwake. Leo anasema haimo.

"Jana nilikupa."

"Hukunipa, binti yangu. Ulisema utanipa."

"Baba, nilikupa ukiwa umeketi hapo hapo. Ukaiweka kwenye pamba."

Akafungua boksi, akainua pamba kwa vidole vinavyotetemeka, akanionyesha. Fremu, tangi, silinda, vitovu. Kabureta hakuna. Alinitazama kwa huruma, macho yake yana utando na tongo pembeni. "Umechoka. Kazi za macho hizi."

Nimeanza upya.

Ijumaa, 12 Aprili

Sasa vitovu vyote viwili. Anasema pengine vilidondoka wakati Mama anafagia. Nimemwaga pipa zima la taka uani, chini ya mvua, nikapekua kwa mikono: maganda, nywele za kitana, karatasi alizofutia pua. Nimepata skrubu mbili za zamani na mzoga wa panya. Mama alinitazama kutoka barazani. Baba naye alishuka akapiga magoti kwenye matope, anatafuta pamoja nami, anahema. Nikamwonea huruma kidogo. Naandika hili kwa sababu nilisema nitaandika kila kitu.

Jumanne, 16 Aprili

Kuna pete nyembamba inayozunguka taa ya mbele. Nimeiharibu mara nyingi sana. Ukiibana kwenye taya za mashine inakunjamana, usipoibana inazunguka. Nilikuwa nimefika mahali pa kurusha vitu.

Baba alikuja akasimama mlangoni, amejiziba pua kwa mkono wa koti. "Usiibane," akasema. "Kata kijiti cha shaba, sawazisha ncha, ibandike pete hapo kwa gundi. Ukimaliza ipashe moto, gundi itaachia."

Nilifanya hivyo kwa nia ya kumwonyesha kwamba haiwezekani. Kisu kikapita juu ya pete kama kinavyopita kwenye sabuni. Nilipoipasha moto ikadondoka yenyewe kiganjani mwangu, inang'aa, duara tupu lisilo na kosa. Nikacheka. Naye akacheka, mdomo wazi, meno yote mabovu hadharani, na kwa kitambo kidogo tulikuwa mafundi wawili tu wanaotazama pete.

"Nani alikufundisha hiyo?" nikamwuliza.

"Njaa," akasema, akacheka tena, akakohoa, akatema ndani ya karakana yangu.

Nimepiga deki mara mbili. Pete ni nzuri sana. Najichukia jinsi ninavyoendelea kuitoa mfukoni kuitazama kabla ya kumpa.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua. Sitaandika alivyokiacha choo.

Jumamosi, 27 Aprili

Kabureta ya pili nayo haimo. Wala shokapu moja ya mbele. Safari hii alinikasirikia. Alimpigia Kaka simu mbele yangu, akamwambia kwamba kichwa changu hakiko sawa, kwamba nadai nimempa vitu ambavyo sikumpa. Kaka akaomba kuongea nami.

"Mdogo wangu, pumzika. Uende ukapime macho."

"Njoo umchukue, nitapumzika."

"Unajua hali ya kwangu. Na mwenyewe amesema pikipiki ikiisha anaondoka. Sasa kama wewe humalizi, tumlaumu nani?"

Nilikaa na simu mkononi baada ya yeye kukata. Kweli nimeanza kujihofia. Jana nilitafuta miwani nikiwa nimeivaa. Sasa kila kitu ninachompa Baba nakipiga picha kwanza, na hata hivyo nikiitazama picha najiuliza kama niliipiga kabla ya kumpa au baada ya kukipoteza.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua imepungua. Ekzosi imepita. Anakula kwa mdomo wazi.

Alhamisi, 9 Mei

Nitaandika taratibu.

Mwenye kisima cha mtaa wa pili alikuja asubuhi amebeba shafti ya pampu iliyokatika. Watu wake wanakinga maji ya paa kwa mabeseni. Alitaka mpya leo leo, nikamwambia arudi jioni. Shafti ni ya chuma kigumu, haikatwi bila maji ya mashine, kwa hiyo ilinibidi nilifunue tangi nililokuwa nikilikwepa tangu Machi.

Niliondoa bati. Uvundo ulinipiga usoni kama mtu. Ile ngozi ya juu ilikuwa imeota vinyweleo vya kijani. Nikawasha pampu ya mashine, ikakohoa, ikatema tone moja jeusi, ikanyamaza. Mdomo wa bomba uko chini kabisa ya tangi, na ulikuwa umeziba.

Nilivaa mfuko wa plastiki mpaka kwenye kiwiko, nikaufunga kwa uzi, nikageuza uso upande, nikatia mkono. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Hilo sikulitegemea. Chini kulikuwa na ute mzito kama makamasi, umechanganyika na maranda ya chuma, na maranda yakautoboa mfuko. Nikausikia ute ukiingia, ukipanda kati ya vidole. Nilitapika kwenye ndoo, ile ndoo aliyokuwa akikalia Baba, kisha nikautoa ule mfuko kwa hasira na kurudi na mkono mtupu, kwa sababu baada ya hapo kuna nini cha kulinda tena.

Kwenye mdomo wa bomba nilishika kitu kigumu, cha mviringo, chenye tundu. Nikadhani ni nati. Nikakitoa, nikakifuta kwenye aproni.

Kilikuwa kitovu cha gurudumu.

Nikarudisha mkono. Kitovu cha pili. Shokapu. Kabureta. Kabureta nyingine. Nilipapasa pembe zote za lile tangi kama anayetafuta mtoto kwenye maji, na kila kitu nilichoambiwa kwamba sikukitengeneza kilikuwa mle. Nilivipanga juu ya gazeti. Shaba ilikuwa imepata weusi lakini kingo zilikuwa kali vilevile, kazi yangu, kazi safi. Nilikaa sakafuni mbele yake. Nilichohisi kwanza haikuwa hasira, ilikuwa ni nafuu: sikuwa nimepoteza akili. Hasira ilikuja baadaye, nayo ilikuja na shibe yake.

Kazi ya mtu ni kazi ya mtu. Nililichota tangi lote kwenye madumu, nikalisugua kwa sabuni na petroli, nikachanganya maji mapya, nikakereza shafti ya mwenye kisima. Akaichukua, akashukuru, akanitazama mikono, akasogea nyuma hatua moja.

Ndipo nikaingia ndani na vile vipande kwenye trei.

Baba alikuwa mezani anakula. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Niliweka trei mbele ya sahani ya Baba. Ule ute ulikuwa bado unadondoka, sikuviosha kwa makusudi.

Alivitazama. Hakujifanya hamnazo, hilo nampa. Alitafuna alichokuwa nacho mdomoni, akameza.

"Uliingiza mkono," akasema.

"Niliingiza mkono."

"Sikutegemea." Alijifuta mdomo kwa mkono wa koti. "Tangu nije nakuona unavyoshika kikombe changu kwa vidole viwili. Nikajua mle hutagusa mpaka jua litoke. Nilikuwa navitia ukienda kuoga."

"Ukaniambia nimechanganyikiwa. Ukampigia Kaka simu."

"Ningesema nini? Nilishasema ikiisha naondoka. Nilisema mbele yenu wote. Sasa ikiisha naondoka kwenda wapi?"

Hapo alinikamata kidogo. Alikuwa mzee aliyeinamia sahani, shingo imebaki mishipa mitupu. Kama angeishia pale, kama angesema tu kwamba anaogopa, leo ningekuwa na kazi ngumu zaidi ya zote nilizofanya masika haya. Lakini aliichukua moja ya zile kabureta, akaigeuzageuza kwenye mwanga, ute ukamchuruzika mpaka kwenye kiganja.

"Na hii," akasema, "hata hivyo haikuwa nzuri."

Mama alisema kutoka dirishani, akiniambia mimi: "Vioshe. Kesho uiunge."

Jumamosi, 11 Mei

Nilidhani kuiunga kutachukua siku moja, imekuwa mbili. Jana spoku, leo injini, shokapu, usukani, taa na ile pete. Mwisho nikafunga karia ya nyuma, ile ya kubebea mizigo ambayo Baba aliisisitiza tangu mwanzo, kwa skrubu ambazo huwezi kuziona bila lenzi. Sikumpa kupima kitu. Nilifanya kazi mlango ukiwa umefungwa kwa komeo.

Lazima niseme ukweli: ni kitu kizuri sana. Magurudumu yanazunguka ukiyapulizia. Usukani unakata kona. Nimechonga kwa chuki masika mazima, na chuki haikuacha alama hata moja juu yake. Hilo nalo linanikera.

Saa kumi jioni niliileta sebuleni, nikaiweka mezani. Baba aliinama, akaizunguka kwa macho, midomo inacheza. Nilisubiri aseme rudia. Hakusema. Mama akaomba asaidiwe kusimama. Nikamshika kiwiko, akaja mpaka mezani, akainama naye, nyuso zao zikawa karibu kuliko nilivyowahi kuziona. Akanyoosha kidole akaigusa karia.

"Hapa ndipo alipofungia cherehani yangu," akasema.

Sikuelewa. Nilijua cherehani ya Mama iliibwa. Tumekua tukijua hivyo, kwamba wezi waliingia kupitia dirisha la jikoni wiki ile ile Baba alipoondoka, na ndiyo maana Mama akaacha ushonaji akaenda kusimama kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, siku nzima kwenye sakafu yenye maji, mpaka miguu ikawa hii.

"Wezi gani, Mama?"

"Hakukuja wezi. Mlikuwa wadogo, sikutaka mumchukie zaidi ya mnavyoweza kubeba. Aliifunga hapa kwa kamba yangu ya kuanikia nguo. Nilisimama dirishani namwona anakaza fundo. Hata hakuwa na haraka."

Baba alikuwa ameushika ukingo wa meza. "Nilikuwa na nia ya kuirudisha," akasema.

Mama akamgeukia. Tangu Machi alikuwa hajamtazama usoni. "Iko wapi?"

Baba akafungua mdomo. Mvua ilikuwa imekatika. Akaufunga.

"Pikipiki yako imeisha," Mama akamwambia. Kisha akaniomba nimrudishe kwenye kiti chake.

Jumapili, 12 Mei

Nimekodi kipikapu. Baba aliketi mbele na dereva, boksi la viatu mapajani, begi miguuni. Mimi nyuma. Hakuaga barazani na Mama hakuja dirishani.

Wifi alifungua mlango akiwa na tabasamu la wageni, nalo likamwishia usoni kipande kipande. Sebule yao ina makochi meupe na zulia la rangi ya maziwa. Baba alivuka kizingiti na viatu vyake, akaketi katikati ya kochi refu, akakohoa. Nilimwona Wifi akitafuta kwa macho kitu cha kumkingia.

Kaka alitoka chumbani anafunga vifungo. "Ungenipigia simu kwanza."

"Wewe ulinipigia?"

"Mdogo wangu, haya mambo hayaendi hivi. Mimi nina watu wanakuja leo."

"Wapigishe naye picha."

Alinivuta pembeni, akanong'ona kwa sauti ambayo Baba aliisikia vizuri tu: "Nitamweka siku chache, halafu namtafutia nyumba ya wazee. Mimi siwezi kuishi na hii harufu."

"Mama ameishi nayo masika mazima," nikasema. "Na miguu yake ile."

Baba hakututazama. Alikuwa amefungua boksi, analizungusha gurudumu la mbele kwa kidole. Nilipofika mlangoni aliniita, binti yangu, kama kawaida yake. Nikasimama.

"Ile pete umeiweka vizuri," akasema.

Sikujua nifanye nini na maneno hayo, na bado sijui. Nilitoka nayo kama mtu aliyepewa kitu kinachonata.

Jumanne, 14 Mei

Nimechoma godoro. Nimechoma kopo pia, ingawa ni la bati na haliungui. Mikono nimeiosha kwa sabuni ya unga, petroli na ndimu. Ninapoleta kijiko mdomoni bado naunusa ule ute. Mama anasema ni kichwani. Inawezekana, lakini uko hapo.

Jumapili, 19 Mei

Nimemwuliza Mama kwa nini hakunikataza nisiitengeneze, akiijua pikipiki ile ilichobeba. Alifikiri sana. Akasema alitaka kuona kama Baba ataikumbuka karia, au ataiacha kama kitu kisicho na maana.

"Akaikumbuka," nikasema.

"Ndiyo. Na bado akaagiza iwekwe."

Miaka yote nimemchukulia Mama kuwa ni mwanamke mlegevu aliyebahatika kupata mtoto mkali. Nimekuwa mjinga.

Jumapili, 26 Mei

Jua siku nzima. Uani pamekauka na harufu ya ukungu inaanza kuisha kwenye nguo. Tulikuwa tunakunywa chai barazani, Kaka akapiga simu.

"Mdogo wangu, kuna tatizo dogo. Nimempatia Baba nafasi kwenye nyumba ya wazee, pazuri tu, ilikuwa aende leo. Sasa ile kabureta ya pikipiki yake imepotea, na anasema haondoki ikiwa na upungufu. Amegoma kabisa, amejishikilia kwenye kochi. Hebu mchongee nyingine upesi."

"Mmeitafuta?"

"Kila mahali. Wifi yako amepindua mpaka makochi. Anasema pengine hukuifunga vizuri."

Nyuma yake nilimsikia Baba akikohoa, kile kikohozi kirefu kinachoishia kwenye kutema. Nikamwona pale alipo, amekumbatia boksi lake juu ya kochi jeupe, anawasikiliza wanavyohangaika, kila droo wanayoifungua inamwongezea siku moja. Nywele za shingo zilinisimama kama zamani. Lakini nilimjua sasa, kama ninavyoijua mashine yangu kwa mlio wake, na sikutaka tena kumkimbia wala kumwokoa.

"Haijapotea," nikamwambia Kaka. "Kunja mikono ya shati. Itafute pale ambapo wewe huwezi kutia mkono."

Kaka akauliza polepole, "Pale wapi?"

"Hapo unapajua mwenyewe," nikasema, nikakata simu, nikamwongezea Mama chai.